Mwarimu Yuko Mkekani

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, watu waliniuliza habari za mtoto, habari za maziwa, habari za mshono, hata habari za usingizi. Hakuna aliyeniuliza habari za mkojo, nami sikuwa na mdomo wa kulianzisha jambo hilo. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kazi yangu, pamoja na kusoma na kuhesabu, ni kuwazoesha watoto wa watu kunyoosha mkono mapema wanapobanwa. Sasa mwalimu huyo huyo alikuwa akipiga chafya anajilowesha, akicheka anajilowesha, akiinuka na mtoto kifuani anajilowesha tena.

Wakati huo nilikuwa ukweni, Nyamwaga, wilaya ya Tarime. Shule yangu iko Kenyamonta, upande wa Serengeti, na mume wangu naye kazi yake iko huko. Mimi mwenyewe ni mtu wa Singida, na mama yangu mzazi magoti yake hayawezi tena safari ndefu. Mama mkwe alipojua hivyo hakutaka mjadala. Alipiga simu, akasema nije nijifungulie kwake, basi. Wakurya hawaombi, wanatangaza. Nilipanda gari na tumbo langu nikiwa nimekasirika kidogo, kwa sababu sipendi kutangaziwa, lakini leo nikikumbuka nilivyotunzwa pale najiona mjinga kwa ile hasira.

Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele. Alinipikia uji wa ulezi mzito, kijiko kinasimama chenyewe, na supu, na ndizi, na maziwa. Hakuniacha nishike jembe wala ndoo. Kila asubuhi alinifunga tumbo kwa kanga, ameweka goti lake ubavuni mwangu kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli, huku akiniambia, "Vumilia, mwarimu, tumbo lirudi kwao." Aliniita mwarimu tangu siku ya kwanza niliyoletwa. Herufi l hupata shida kufika kwenye boma lile, na sitaziandika r zake zote hapa, ila hiyo moja naiacha kwa sababu sijawahi kuitwa jina lolote kwa upendo kiasi kile.

Siku wanawake wa kanisani walipokuja kumwona mtoto, na mabeseni yao ya ulezi na sabuni, mmoja wao alisimulia kichekesho kuhusu jogoo aliyeingia ibadani. Mimi kwa kucheka ni dhaifu. Nilicheka, na nikahisi kitenge kimelowa chini yangu hadi kwenye mto wa kochi. Nikamvuta mtoto pajani haraka, nikasema, "Jamani, huyu ameshanikojolea." Wanawake wakashangilia, wakasema mkojo wa mtoto ni baraka. Mtoto alikuwa mkavu kama biskuti.

Usiku huo nililia. Sikulilia kitenge, nililia darasa. Likizo ya uzazi ina mwisho, na mwisho wake ulikuwa unakuja. Niliwaza darasa la tatu, watoto waliobanana kwenye madawati, macho yao yasiyokosa kitu. Mtoto wa darasa la tatu akiona mwalimu ana doa nyuma ya sketi, kijiji kizima kitajua kabla ya uji wa saa nne. Nilianza kutunga uongo wa kumwambia mwalimu mkuu. Nilifikiria hata kuacha kazi, mimi niliyekopa mpaka nauli ya kwenda chuoni, mimi ninayeipenda kazi ile kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya walimu wenzangu.

Nilipompeleka mtoto kliniki kwa chanjo, nesi aliniuliza kama nina tatizo lolote. Alikuwa mgeni wa huku kama mimi, kwa lafudhi nadhani mtu wa kusini. Labda ndiyo maana mdomo ulifunguka. Nilimwambia nikitazama mizani ya watoto. Wala hakushtuka. Aliniambia kuna mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini Tarime mjini, niende, na nisikubali mtu aniambie kwamba ndivyo wanawake walivyo.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye raba nyeupe na sauti ya taratibu. Alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa kidogo, akapitisha vidole katikati ya tumbo langu kutoka kitovuni kwenda juu. Vidole vikazama. Alinieleza kwamba misuli ya tumbo imeachana kwa ajili ya kumpisha mtoto, na ile ya chini, inayobeba kibofu na kizazi, imechoka kwa mimba na kusukuma. Akaniuliza kama nafunga tumbo. Nikamwambia linafungwa na mtaalamu mwingine, tena mwenye goti. Alicheka, akasema kanga si mbaya, ila ikikazwa hivyo inasukuma kila kitu chini, kule kule kunakovuja. Ilegezwe, ishikilie tu.

Halafu akanifundisha. Nilitegemea kuruka na kutoka jasho, kumbe jambo lenyewe lilianza na kupumua. Nilale chali, magoti juu, nyayo chini. Nivute pumzi mbavu zifunguke pembeni. Nikiitoa, nibane chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, na nipandishe taratibu.

"Umewahi kuteka maji kisimani kwa kamba?" aliniuliza.

"Nimekulia kisimani."

"Basi ni ndoo. Pandisha bila kuivuta kwa pupa. Na ukishusha usiiachie ikaanguka, ishushe mpaka chini."

Baadaye zilikuja hatua nyingine, za kutelezesha kisigino, za kuinua kiuno kidogo kidogo, za kupiga magoti na kunyoosha mkono huku na mguu kule. Nilimuuliza zinaitwaje, akasema Pilatesi, akaniandikia mahudhurio yangu yajayo, na mimi nikatoka pale nikijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu leba.

Kosa langu lilikuwa kulitaja lile jina nyumbani.

"Zinaitwaje?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa anakoroga ugali.

"Pilatesi, mama."

Mwiko ukasimama. "Pirato?"

"Pila-te-si."

"Pirato yule wa Ponsio?"

Nilianza kueleza kwamba ni jina la mtu mwingine kabisa, Mzungu fulani wa zamani, na nikaona wazi kwamba kila neno ninaloongeza linazidi kunizamisha. Alisema Pirato alikuwa Mzungu pia, tena wa zamani. Alisema mtu yule alimhukumu Bwana Yesu akanawa mikono, na kila Jumapili tunamtaja kwa ubaya kwenye kanuni ya imani, sasa mimi nataka nimlalie chini asubuhi na jioni kwenye boma la mtu aliyebatizwa? Ugali ulianza kuungua. Mimi nina hasira za karibu, na maneno makali yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini mtoto alilia, nikainuka ghafla kumchukua, na mkojo ukanitoka pale pale jikoni mbele yake, ukateremka mpaka kwenye kandambili.

Tulitazamana. Hapakuwa na mtoto pajani wa kumsingizia.

"Ndiyo haya niliyoyaendea hospitali, mama," nilimwambia. "Naogopa kurudi darasani."

Alichukua kitambaa cha jikoni, akainama, akafuta sakafu yeye mwenyewe, mama wa watu wazima, mke wa mwenye boma. Nilijaribu kumzuia akanisukuma mkono. Kisha akasema, "Fanya. Lakini hilo jina lisitamkwe hapa kwangu."

Tukahitaji jina jingine. Kwa kuwa mazoezi yote yalikuwa kwenye mkeka, tukayaita kazi ya mkeka, na amani ikarudi.

Likabaki suala la kulala. Ukweni, mwanamke halali chali mchana magoti yakiwa juu hivi hivi. Wakurya wana neno lao, ensoni, ile aibu ambayo ni heshima, na kati ya mke wa mwana na baba mkwe ndipo inapokaza kuliko pote. Baba mkwe wangu hajawahi kukanyaga kizingiti changu. Tukikutana njiani, kila mmoja anatafuta upande wake wa kutazama. Sasa chumba chetu mlango wake unatazama zizi, na zizi ndiyo ofisi ya mzee: asubuhi anatoa ng'ombe, jioni anawarudisha, katikati anakaa kwenye kiti chake akiwafikiria. Nikifunga mlango na dirisha, joto na giza, na mtoto hataki giza.

Mama mkwe aliamua. Kila wakati wa kazi ya mkeka alibeba kigoda na ungo wake wa maharage, akaketi kizingitini, mgongo kwangu, uso kwa zizi. Mgongo wake ni mpana, uliziba mlango kuliko pazia. Akimwona mzee anakaribia alitupa neno moja la Kikurya ambalo sijapata maana yake mpaka leo, na mzee akageuka kama ng'ombe aliyeona ua. Mimi nyuma ya mgongo huo nililala chini nikafanya kazi yangu kwa sauti, kwa sababu mwalimu ukimwondolea sauti huna kitu ulichobakiza. "Vuta pumzi. Mbavu zifunguke. Toa. Pandisha ndoo. Pandisha. Usibane makalio. Shusha taratibu, usiiachie." Mtoto alinisikiliza kwa makini, mara nyingi akalala.

Yakaenda vizuri mpaka mume wangu aliponipigia simu kutoka Kenyamonta, sauti yake ya mtu anayejizuia.

"Mke wangu, hivi unabeti?"

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Baba yake amempigia. Amesema mimi nacheza mikeka. Asubuhi mkeka, jioni mkeka, na mbaya zaidi mama mkwe mwenyewe ananilindia mlango.

Ikabidi nikae chini. Mama mkwe, akiulizwa na majirani mbona mwalimu haonekani, alijibu kwa heshima zote, "Mwarimu yuko mkekani." Yeye alimaanisha mkeka. Lakini vijana wa siku hizi, kuanzia Nyamwaga mpaka Sirari, mkeka kwao ni ile orodha ya mechi wanazobetia kwenye simu. Mkeka ukichanika wanashinda njaa, mkeka ukitiki wanakunywa soda. Maneno yakatembea mpaka mnadani, yakamkuta mzee kati ya ng'ombe, na mzee kwa ensoni yake hakuweza kuniuliza. Akabaki kuhesabu mifugo yake kila jioni kwa mashaka, akiamini mkwewe anaiweka dau kwa timu za Ulaya.

Nilimwambia mama mkwe. Alicheka mpaka akajishika ukuta, akatoka mbio kwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa ameshabadilisha kitenge. Jioni akamweleza mumewe, sijui kwa maneno gani, nilisikia tu "mmh" moja ya mzee. Kesho yake kiti cha mzee kilikuwa kimehamia upande wa pili wa zizi. Na tangu hapo kila alipokaribia boma alianza kumgombeza mbwa akiwa bado mbali, kwa sauti ya kusikika hadi Itiryo. Mbwa yule hakuwa na kosa lolote. Nilijua yale magomvi ni yangu, ni salamu na ruhusa, na nilimshukuru mzee kwa njia pekee niliyoweza, kwa kumpelekea chai nzito kupitia kwa mkewe.

Nisiseme uongo kwamba niliamka siku moja nimepona. Kuna wiki niliona mabadiliko na kuna wiki nilirudi nyuma, nikautupa mkeka ukutani, nikasema bora nivae nepi nishindane na mwanangu. Mtaalamu wa Tarime alikuwa mvumilivu. Alinipima tena kwa vidole vyake, akasema kingo za kisima zimeanza kukaribiana. Kanga ililegezwa, mama mkwe akilalamika kwamba tumbo sasa halijui kwao ni wapi. Taratibu nikaanza kupiga chafya nikiwa tayari: nabana kwanza, chafya baadaye. Kisha siku moja nilipiga chafya nikiwa nimesahau, na hakuna kilichotokea. Nilimwita mama mkwe kutoka shambani kumwambia. Alikuja mbio akidhani mtoto ameanguka, alipojua ni chafya alinitazama, akasema, "Mungu ni mwema," akarudi kwenye migomba yake.

Likizo ilipokwisha alikuja nami Kenyamonta kumlea mtoto. Hilo nalo alitangaza. Alikuja na kigoda chake, kuku wawili, na ulezi wa kulisha kikosi. Barabara ile ina mashimo ya kumchuja mtu, na nilifika Kenyamonta mkavu, nikajua nina nafasi.

Hata hivyo asubuhi ya kuripoti nilivaa sketi nyeusi kwa tahadhari. Darasa liliponiona likalipuka, "Shikamoo mwalimuuu," madawati yakagongwa, mmoja akauliza mtoto anaitwa nani, mwingine akauliza kama nimemleta mfukoni. Nilicheka kwa nguvu zangu zote. Nikafuta ubao mkavu wenye vumbi la chaki la muda wote nilipokuwa sipo, nikapiga chafya tatu mfululizo, watoto wakaitikia "Afya!" kwa pamoja. Niliinama kuokota daftari. Niliinua dawati lililovunjika mguu nikalisogeza pembeni. Nilifundisha mpaka kengele ya mwisho nimesimama, na nilipokuwa naandika kazi ya nyumbani ubaoni machozi yalinitoka, nikasema ni chaki.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe uani na mtoto mgongoni, anamenya ndizi. Hata shikamoo hakuisubiri.

"Umekauka?"

"Nimekauka, mama. Kutwa nzima."

Aliendelea kumenya. "Hata mimi."

Nilifikiri anazungumzia kiu. Nikamuuliza kama nimletee maji. Akaweka kisu chini, akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyeshindwa swali rahisi.

"Hata mimi nimekauka, mwarimu. Safari yote ile ya kuja huku. Na jana, na juzi."

Niliketi kwenye maganda ya ndizi. Nikamuuliza tangu lini, yaani ilianza lini.

"Tangu huyo mume wako."

Mume wangu ni mtu mwenye ndevu, na kiwiko chake kimeanza kuuma siku za mvua. Nilianza hesabu kichwani nikaiacha njiani. Baada yake alizaa wengine. Alilima, alibeba kuni, aliimba kwaya, alipanda magari, alizika wazazi wake, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemuuliza habari ile, hata mimi niliyejilowesha jikoni kwake.

"Mbona hukusema, mama?"

"Kwa nani? Nilimwambia mama mkwe wangu. Akaniambia ndiyo kuzaa." Alimsogeza mtoto mgongoni. "Wewe ulikuwa unasema kwa sauti. Vuta, toa, pandisha ndoo. Mimi nimekaa pale kwenye kigoda, masikio ninayo. Nikasema nami nipandishe yangu."

Nilimshika mkono ule wenye utomvu wa ndizi, nikasema asante mama, nikarudia, nikalia waziwazi, akaniambia niache, maziwa ya mama anayelia yanamsumbua mtoto tumbo. Akainuka, akamfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akachungulia mlangoni, kwenye mkeka uliokuwa ndani, sasa akiona haya kama bibi harusi.

"Ukimaliza kunyonyesha unifundishe zile za kulala," alisema. "Hizo sizijui. Nilikuwa nimekupa mgongo."